Hoteli ya Sisilia iliyovuma kwenye televisheni: pesa zimebaki kwa nani?

Jumanne, kwenye kipindi cha asubuhi, niligusia hoteli moja ya zamani huko Sisilia, Italia, ambayo imekuwa gumzo duniani tangu irekodiwe tamthilia ya televisheni ndani yake. Niliiona ni habari ndogo ya kujazia muda kabla ya bei za mazao. Simu zikaanza. Msikilizaji mmoja akaandika: "Hoteli ya matajiri wa Ulaya inatuhusu nini sisi wavuvi?" Mwingine, kutoka kijiji cha pwani, akauliza swali zito zaidi: "Wakija na kamera zao kwetu, tudai nini?"

Maswali yote mawili ni ya haki, na dakika tatu za redioni hazikutosha kuyajibu. Nimeandika hapa ili usome taratibu. Picha sikuweka, najua bando lilivyo.

Nyumba ya watawa iliyogeuka hoteli

Mji wenyewe unaitwa Taormina. Uko mashariki mwa kisiwa cha Sisilia, juu ya jabali lililo kama mita 200 kutoka usawa wa bahari, na kwa mbali unauona Etna, mlima wa volkano ambao mpaka leo unafuka moshi. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya 10,000, wachache kuliko watu wa kata nyingi za kwetu.

(Niseme jambo moja pembeni. Sisilia iliwahi kutawaliwa na Waarabu kwa takribani karne mbili, na hata Wanormani walipoichukua, wasomi wa Kiarabu waliendelea kufanya kazi kwa wafalme wake. Mwaka 1154, mjini Palermo, mwanajiografia al-Idrisi alimkamilishia mfalme Roger wa Pili kitabu kinachotaja mpaka Malindi na Mombasa. Kwa hiyo wao walitusikia zamani sana. Sisi ndio tumechelewa kuwasikia.)

Hoteli inaitwa San Domenico Palace. Haikujengwa iwe hoteli. Ilianza karne ya 14 kama makazi ya watawa wa shirika la Wadominika, wenye vyumba vyao vidogo na bustani ya ndani. Italia ilipoungana kuwa nchi moja katika karne ya 19, serikali mpya ilitwaa mali nyingi za mashirika ya watawa, na mwaka 1896 jengo hilo likafunguliwa kuwa hoteli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili makamanda wa Ujerumani walilifanya makao yao, na Julai 1943 likapigwa mabomu. Kanisa lake lilibomoka sehemu kubwa, mnara ukabaki umesimama. Vita vilipokwisha likakarabatiwa, wageni wakarudi.

Kamera nazo hazikuanza juzi. Mwongozaji mashuhuri wa Italia, Michelangelo Antonioni, alirekodi humo sehemu ya mwisho ya filamu yake L'Avventura, iliyotoka mwaka 1960.

Kilichobadilisha mambo ni tamthilia ya Marekani iitwayo The White Lotus, ya kituo cha HBO, iliyobuniwa na kuongozwa na Mike White. Kila msimu wake unafuata wageni matajiri na wafanyakazi wanaowahudumia katika hoteli ya kifahari, na unaanza kwa kuonyesha kwamba kuna mtu amekufa. Anayetazama anakaa mpaka mwisho ajue ni nani. Msimu wa kwanza ulirekodiwa Hawaii mwishoni mwa 2020, katika hoteli iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Huo nao ulikuwa ujanja wa biashara: vyumba vilivyokuwa vitupu vikapata mpangaji mmoja mkubwa. Msimu wa pili, wenye vipindi saba, ulirekodiwa Sisilia mwaka 2022 na kuanza kurushwa mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Makao yake makuu yalikuwa San Domenico.

Ufukwe ambao haupo

Hapa ndipo habari inapoanza kunoga. Kipindi cha kwanza kinaanza na mama mmoja mgeni anayejitosa baharini, mbele ya hoteli, aogelee mara ya mwisho kabla ya kurudi kwao. Anagongana na maiti. Tangu hapo, kila mara wageni wanatoka chumbani, wanashuka, wanakaa ufukweni mchangani chini ya miavuli. Ukitazama unaamini kabisa kwamba hoteli ile inakanyaga bahari.

Haikanyagi. San Domenico iko juu ya jabali. Bahari unaiona, huigusi. Kuifikia inabidi ushuke hadi chini, na kuna gari la kamba linaloteremsha watu kutoka mjini. Ule ufukwe wa kwenye tamthilia uko Cefalù, mji mwingine kabisa, pwani ya kaskazini ya kisiwa, kama kilomita 200 kwa barabara. Chukua umbali wa Dar es Salaam na Morogoro. Fikiria unatoka mlango wa hoteli Kariakoo, unapiga hatua mbili, uko Morogoro. Sehemu nyingine zilirekodiwa Palermo na Noto.

Silaumu, ndivyo filamu zinavyotengenezwa, wanaunga vipande. Lakini ukae na jambo hili akilini, kwa sababu lina maana ya pesa. Mahali panapoonekana na mahali panapotajwa huweza kuwa pawili tofauti. Jina lililovuma duniani ni Taormina, na Cefalù iliyotoa mchanga na bahari ikafuata nyuma, ikategemea magazeti na watu wa mitandaoni kueleza ufukwe ule hasa uko wapi.

Tufuate pesa

Wageni waliongezeka? Ndiyo. Tamthilia iliporushwa watu walimiminika kuulizia vyumba, na waandishi wa habari za utalii wakaipa hali hiyo jina la tamthilia yenyewe. Lakini swali letu ni pesa zinapita njia gani.

Tuanze na waliokuja kurekodi. Kikosi kikubwa cha namna hiyo hulipa eneo, hukodi magari, hununua chakula, huajiri mafundi umeme, washonaji, madereva, na watu wa kupita nyuma ya waigizaji. Hizo ni pesa halisi na zinaingia mifukoni haraka. Ila Italia, kama nchi nyingi, huwarudishia watengenezaji wa filamu wa kigeni sehemu ya walichotumia kwa njia ya nafuu ya kodi, na kiwango kinafika asilimia 40 ya gharama zinazokubalika. Kwa lugha ya sokoni: mgeni ametumia 100 kwako, serikali yako inamrudishia hadi 40. Aliyebaki na ile 100 ni mwenye hoteli na mwenye magari. Aliyetoa 40 ni mlipakodi, pamoja na yule mkulima wa machungwa ambaye kamera hata hakuziona. Wenyewe wanasema ni mbegu, utavuna utalii baadaye. Inawezekana. Lakini mbegu hiyo imetoka ghala la wote, na mavuno hayarudi ghala la wote kwa uwiano uleule.

Halafu hoteli. Tangu 2021 San Domenico inaendeshwa na Four Seasons, kampuni yenye makao makuu Toronto, Kanada. Tangu 2022 asilimia 71.25 ya kampuni hiyo ni ya Cascade, kampuni ya uwekezaji ya Bill Gates, na asilimia 23.75 ni ya Kingdom Holding ya mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia. Kawaida ya Four Seasons ni kuendesha hoteli kwa niaba ya wenye majengo, kwa malipo. Kampuni hiihii inaendesha hoteli ndani ya Hifadhi ya Serengeti tangu 2012, kwa hiyo hatuzungumzi watu wa mbali kama unavyodhani.

Usiku mmoja San Domenico wakati wa msimu huvuka euro 1,000, karibu shilingi milioni tatu za Tanzania. Ya mwenye jengo hutoka humo, na ya mwendeshaji, na mishahara. Taormina ni mji wa msimu, baridi ikiingia hoteli nyingi hufunga, San Domenico ikiwemo, na mfanyakazi hurudi nyumbani kungoja joto lirudi. Kuna pia kitu ambacho mimi nakiona cha maana kuliko vyote: sheria ya Italia inaruhusu halmashauri za miji ya utalii kumtoza mgeni ada kwa kila usiku anaolala. Ni pesa ndogo kwa mgeni mmoja, lakini inakwenda halmashauri ya mji, si Roma, na hata mgeni wa hoteli ya bei rahisi anailipa. Sheria hiyo ilikuwepo kabla kamera hazijafika. Mlango wa kupokelea pesa ulikwisha kujengwa.

Kuna wageni wa aina nyingine ambao hawaingii hesabu hii kirahisi. Wanakuja asubuhi kwa basi, wanapita barabara kuu ya mji, wanapiga picha langoni pa hoteli wasiyoweza kulipia, wanakunywa kahawa moja, jioni wameondoka. Halali mtu hapo, kwa hiyo hata ile ada ya usiku hawalipi. Taka zao ndizo zinazolala.

Baa ya Savoca

Kama wewe ni mtu wa kijijini, mfano wako usiwe San Domenico. Uwe Savoca.

Savoca ni kijiji cha mlimani, si mbali na Taormina, hakifiki hata watu 2,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji Francis Ford Coppola alikuwa anatafuta mahali pa kurekodi sehemu za Sisilia za filamu The Godfather. Hadithi ilisema mji wa Corleone, na Corleone upo kweli, karibu na Palermo, lakini ulikuwa umeshabadilika, hauonekani wa zamani. Akaenda Savoca. Filamu ikatoka 1972. Kwenye filamu kijiji hakikuitwa kwa jina lake, kama ufukwe wa Cefalù ulivyofichwa.

Lakini Savoca ilikuwa na kitu kimoja kinachoonekana vizuri kwenye filamu na kinachouza: kibaa kidogo, Bar Vitelli, chenye meza nje. Zaidi ya miaka 50 baadaye kibaa kipo. Watu wanapanda mlima, wanakaa kwenye meza zilezile, wanaagiza barafu ya ndimu, wanalipa, kisha wanakwenda kuliona kanisa lililokuwa kwenye harusi ya filamu. Pesa ya ile barafu ya ndimu inaachwa kijijini. Haina haja ya kupitia Toronto.

Hata The White Lotus iliwapeleka wahusika wake kwenye jumba la zamani lililotumika katika The Godfather, kwa mzaha: Wamarekani wamekuja Sisilia kutafuta Sisilia ya kwenye sinema. Kwa maoni yangu ndicho kipande chenye ukweli kuliko vyote katika msimu ule. Wengi wanaokuja Taormina sasa wanafanya hivyohivyo.

Gharama isiyo kwenye mkataba

Mwaka 2024 Sisilia ilipigwa na ukame mkali. Katika mkoa wa Agrigento, kusini mwa kisiwa, maji yalitolewa kwa mgawo na nyumba ndogo za wageni zikakataa watu kwa sababu mabomba yalikuwa makavu. Ukame haukuletwa na tamthilia, na Agrigento si Taormina. Naueleza kwa sababu ya jambo moja: hoteli kubwa ina matangi na uwezo wa kuita magari ya maji, mama mwenye vyumba vitatu vya kupangisha hana. Wageni wakiongezeka mahali penye maji machache, anayekwama wa kwanza si yule aliyewaita.

Kwa wavuvi nina mfano mwingine, kutoka Thailand. Kuna ghuba ndogo iitwayo Maya, iliyorekodiwa filamu The Beach, iliyotoka mwaka 2000. Hata kabla ya watalii, wakazi na viongozi wa eneo walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba waliokuja kurekodi walivuruga ufukwe ili ulingane na filamu. Kesi hiyo ilivutwa zaidi ya miaka 20. Filamu ilipovuma, boti zikaja, siku nyingine watu walifika 5,000 kwenye ghuba ndogo vile, nanga na miguu vikaua matumbawe. Juni 2018 serikali ikaifunga. Haikufunguliwa mpaka Januari 2022. Mwenye boti ya watalii alipoteza, na samaki wanaozalia kwenye matumbawe walikuwa wameshapotea kabla yake. Msimu wa tatu wa The White Lotus ulirekodiwa nchi hiyohiyo, sehemu nyingine, mwaka 2024. Maya tayari ilikuwa somo linalojulikana.

Na kwetu

Sisi tumefanya la kwetu. Filamu ya Royal Tour, ambayo Rais Samia mwenyewe aliongoza wageni kuitazama Tanzania, ilirekodiwa 2021 na kuzinduliwa Aprili 2022. Watalii wa kimataifa walikuwa karibu 923,000 mwaka 2021, wakafika kama milioni 1.45 mwaka 2022 na milioni 1.8 mwaka 2023. Wengi husimamia hapo na kusema filamu imefanya kazi. Ila mwaka 2019, kabla ya korona, walikuwa kama milioni 1.53. Maana yake mwaka 2022 tulikuwa bado tunapanda kurudi tulikotoka, na dunia nzima ilikuwa inafungua mipaka. Ongezeko la 2023 ndilo la kujadili, na hapo filamu ina sehemu yake. Kiasi gani, huwezi kukitenganisha kwa kutazama jumla tu, na ninamwonea shaka mtu yeyote anayetaja kiasi hicho kwa uhakika, awe wa serikali au mpinzani wake.

Sasa yule aliyeuliza "tudai nini". Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye diko moja la mkoa huu kwa kazi nyingine kabisa. Ikaja timu ya kurekodi, magari matatu. Wakaomba wavuvi waondoe vyombo ili ufukwe uonekane mtupu, ikabaki ngalawa moja tu kama pambo. Siku mbili. Zilikuwa siku za giza, wakati wenyewe wa dagaa. Pesa alipewa mtu mmoja, akagawa alivyojua yeye. Manahodha walipata ya soda, na akina mama wakaanga samaki hawakupata kitu, ingawa kwa siku mbili hawakuwa na cha kukaanga. Miezi kadhaa baadaye tangazo likazunguka kwenye simu. Ufukwe ule, ngalawa ile. Maandishi yakasema Zanzibar.

Cefalù yetu, nikajisemea juzi.

Hakuna aliyeibiwa kwa maana ya polisi. Hakukuwa na karatasi, kwa hiyo hakukuwa na cha kuvunja. Mtu akija na kamera kubwa, mwambieni aonyeshe kibali cha Bodi ya Filamu; anayefuata taratibu anacho na hachukii kuulizwa. Kibali hicho lakini ni ruhusa ya kurekodi, hakijazi nafasi ya makubaliano na kijiji kuhusu kutumia sehemu yenu. Makubaliano yapitie halmashauri ya kijiji, yaandikwe, yasomwe kwenye mkutano, na pesa iingie akaunti ya kijiji au ya kikundi cha BMU, kwa risiti. Andikeni siku ngapi, na siku zikizidi inakuwaje. Andikeni nani anafidiwa kwa kazi iliyosimama, na mkifika hapo wahesabuni wakaanga samaki na wabeba ndoo, maana orodha ikiandikwa na wanaume peke yao huwa inaishia kwenye vyombo. Andikeni nani atarudisha mchanga, mikoko na mawe kama yalivyokuwa. Na jina. Ombeni jina la kijiji litajwe kwenye kazi hiyo. Wanaweza kukataa, wana sababu zao, lakini kukataa huko kuwe na bei, kwa sababu jina ndilo linaloleta mgeni wa kesho.

Na kabla hawajaja kabisa, mjiulize mna meza ngapi za kukalia. Ile baa ya Savoca ilikuwepo kabla ya Coppola.

Najua wapo watakaosema masharti yatawafukuza, wataenda kijiji cha jirani ambacho hakiulizi. Inaweza kutokea. Ndiyo maana lingekuwa jambo la vijiji vyote vya pwani hii kwa pamoja, kupitia halmashauri ya wilaya, na si kila diko kivyake. Hilo bado sijalisikia likijadiliwa kwenye baraza lolote la madiwani katika mkoa wetu, na mabaraza ninahudhuria.

Kama timu ya kurekodi imewahi kufika kwenu, tutumie meseji kwa namba ileile ya kipindi. Taja kijiji, mwaka, mlilipwa nini, na nani alisaini. Nitasoma mbili tatu Jumanne, bila kutaja jina lako kama hutaki.